Fundi wa Majiko na Moshi wa Nyumbani Kwake

Wanangu mnaoanza kazi ya majiko, nimeombwa niwaandikie maneno mawili matatu ya kuwasaidia. Kitabu cha mafunzo mtapewa, na picha zake ni nzuri. Mimi nitawaambia yale ambayo mchoraji hakuyachora.

Naitwa Atabo. Nimejenga majiko ya kuni Kakuma na vijiji vya jirani mpaka magoti yakakataa kukunjika. Sasa nimekaa kwangu Lodwar, napika taratibu, na majirani wakiona moshi mwingi unatoka kwangu wanajua nina mgeni anayejifanya kunisaidia.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa mwanamke wa Kikongo, Mama Mapendo. Alikuwa mkimbizi pale kambini, mjane, mfupi, kitenge amekifunga kiunoni kama mtu anayetaka kupigana. Kule kwao alikuwa amefinyanga majiko ya udongo tangu usichana. Aliniangalia kuanzia viatuni kwenda juu.

"Weye binti wa hapa, unajua kuwasha moto?"

Nilikaribia kucheka. Msichana wa Kiturkana aulizwe kama anajua kuwasha moto? Nikapiga magoti mbele ya jiko lake, nikashindilia vipande vitatu vya kuni za mti wa mathenge, vinene kama mkono wangu, nikatia karatasi chini, nikawasha, nikapuliza. Moshi ukatoka kwenye mdomo wa jiko, ukatoka kandokando ya sufuria, ukaingia machoni. Nilipuliza mpaka kichwa kikazunguka.

Mama Mapendo alingoja niishiwe pumzi. Kisha akasema, "Sasa tosha byote."

Nikavitoa vyote. Akanipa panga, akaniambia nivipasue vile vipande mpaka kila kimoja kiwe na upana wa vidole viwili. Nilipomaliza alichukua viwili akavigonganisha karibu na sikio langu. Vikalia kwa sauti kali. Akachukua vingine viwili kutoka rundo lililokuwa chini, akavigonganisha, vikatoa sauti ya kufa, kama mtu amegonga godoro. "Hii ingali na maji," akasema. "Ukiipika, moto kwanza unachemsha maji ya kuni. Maji ya chai unachemsha saa ngapi?"

Halafu akanionyesha kile kibao cha udongo kilicho ndani ya mdomo wa jiko, ambacho mimi nilikuwa nimekifunika kabisa. Kuni zinalala juu yake, na hewa inapita chini yake. Akaweka vipande vitatu vyembamba, ncha zake tu ndizo zilizoingia kwenye moto. Kila ncha ilipoungua alivisukuma ndani kidogo kwa kidole. "Kichwa tu njo kinaungua," akaniambia. "Mwili unangoja zamu."

Chai ilichemka kabla sijamaliza kufuta machozi. Na sikuona moshi, labda ule wa mwanzo mwanzo, wa kibiriti.

Kama mtasahau kila kitu nitakachowaandikia, shikeni hayo: kuni kavu, kuni nyembamba, na njia ya hewa chini yake. Mengine ni ya kuongezea. Sufuria izame ndani ya jiko na ukuta uizunguke kwa nafasi ya kidole kimoja, siyo viwili, ili moto uipapase pande zote kabla ya kuondoka. Kifuniko kiwe juu, hata kama ni sahani ya bati. Maharagwe yalowekwe tangu mapema. Chungu kikishachemka, toa kipande kimoja cha kuni. Watu wengi huacha moto ule ule mkali kana kwamba maji yanaweza kuchemka zaidi ya kuchemka. Jivu lizolewe kila asubuhi. Ukimaliza kupika, chomoa vijiti uzike ncha zake mchangani, usimwagie maji, kwa sababu jiko litapata ufa na kesho kuni zitakuwa mbichi. Usichome mifuko ya plastiki, hata kidogo, hata kwa kuwashia. Na makaa ya moto yasiingie ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama kuna baridi ya mvua. Hilo la mwisho halina mjadala.

Msidhani nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mwaka ule ule nilitumwa kijiji cha Lopur kujenga jiko la mfano kwa mama mmoja, kisha mkubwa wetu wa ofisi aje na wageni kuliona. Mama Mapendo aliniambia udongo wa pale una mchanga mwingi, nitafute wa kichuguu, niuchanganye na mavi ya punda, nifinyange, halafu niliache jiko likauke kivulini wiki mbili au tatu. Mimi niliona wageni wanakuja baada ya siku nne. Nikafinyanga kwa udongo wa pale pale uwanjani, nikalianika juani likauke haraka. Kwa nje liling'aa. Nikajipongeza.

Wageni walipokaa kwenye viti nikawasha, yule mama akabandika maharagwe yake. Mkubwa wetu alikuwa katikati ya kueleza jinsi jiko hili linavyodumu miaka mingi, jiko likalia pa, likafunguka kama mkate. Maharagwe yakamwagika hadi kwenye viatu vyake. Yule mama wa Lopur aliinama akaokota maharagwe moja moja, akayasuuza, akayabandika kwenye mawe yake ya zamani, akaniangalia. Nilipomsimulia Mama Mapendo, alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akachukua karai lake, tukarudi wote wawili Lopur, tukajenga lingine, na mara hii alinikataza hata kuligusa mpaka wiki tatu zikaisha.

Alinipenda, Mama Mapendo. Hakuwa mtu wa kusema, lakini alinipenda. Sasa yuko mbali, nchi ya baridi, kwa binti yake. Hunipigia simu. Mara ya kwanza aliniambia, "Atabo, jiko ya huku haina mulango. Nimezunguka nyuma na mbele, sijaona pa kutia kuni."

Lakini jambo ninalotaka mlijue hasa halikutokea Kakuma. Lilitokea nyumbani kwangu.

Mume wangu Ekidor ni mtoto wa pekee wa kiume, na mama yake, Akal, aliishi nasi Lodwar. Alikuwa na nyumba yake ndogo ya makuti ndani ya boma letu, akipika humo ndani kwa mawe matatu. Alipikia watu wote: mimi nilikuwa Kakuma siku nyingi, narudi kila baada ya wiki mbili nikiwa nimechoka, na chakula cha mama mkwe kiko tayari. Alikuwa akikohoa. Tulizoea kikohozi chake kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Kwenda kanisani alisimama njiani mara tatu kuvuta pumzi, na sisi tulisimama naye tukizungumza mambo mengine. Kila mara nilisema nitamjengea jiko wiki ijayo. Niliwajengea wanawake wa mataifa sijui mangapi, na mama mkwe wangu nikamwambia wiki ijayo.

Siku moja alizidiwa, Ekidor akanipigia simu, nikashuka Lodwar na nguo za kazi, nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana aliyeletwa kutoka chini, kama tunavyosema sisi, yaani upande wa Kitale na kuendelea. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, mbele na nyuma.

"Mama huyu anavuta sigara?"

"Hapana," nikasema. "Tumbaku anatafuna, kidogo."

"Anapika na nini?"

"Kuni."

"Ndani ya nyumba?"

"Ndani."

Akaniangalia. Nilikuwa nimevaa fulana ya ofisi yenye picha kubwa ya jiko kifuani na maneno ya kusifu nyumba isiyo na moshi. Aliisoma fulana yote, akaanza kuandika dawa. "Basi tafuta mtu amjengee jiko," akasema.

Nadhani alikuwa ananitania. Akal, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, aliniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia amesema ameze dawa.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nikosee. Mwezi uliofuata binti wa Akal alijifungua kule Namoruputh na Akal akaenda kukaa naye. Nikaomba ruhusa kazini. Nikaleta udongo wa kichuguu, nikafinyanga jiko ndani ya nyumba yake, jiko ambalo mpaka leo nasema ni zuri kuliko yote niliyowahi kujenga, na nikaliachia wiki tatu kamili likauke. Mawe yake matatu, meusi, mazito, nikayabeba moja moja kwenye karai mpaka laga, ule mto unaojaa mvua ikinyesha tu, nikayatupa. Nilijua nikiyaacha atayarudia. Tulifundishwa hivyo kazini: ondoa cha zamani.

Aliporudi, nilimsalimu mlangoni.

"Ejok, mama."

"Ejok." Aliingia, akasimama. "Mawe yangu yako wapi?"

"Nimeyatupa, mama. Sasa una jiko. Halina moshi."

Akaweka kiganja juu ya jiko, kama anapima joto la mbuzi mgonjwa. Kisha akatoka nje, akaketi, akaomba maji ya kunywa. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Asubuhi yake nilimkuta nyuma ya nyumba, juani. Alikuwa ameokota vipande vitatu vya tofali vilivyobaki tulipojenga choo, ameinjika chungu, shuka amejifunika usoni kwa sababu ya upepo. Upepo wa Lodwar mnaujua. Moto ulilala huku, ukalala kule, kuni ziliisha upesi kuliko zamani, na vumbi likaingia chunguni. Tulikula mchanga wiki nzima. Ekidor alitafuna taratibu, akiniangalia, akamwangalia mama yake, akaomba maji. Na kikohozi kikazidi. Jiko langu likapata kazi nyingine: kuku wake aliona lile tundu la kuni linamfaa, akataga humo mayai sita na kuyaatamia.

Nilirudi Kakuma nikiwa nimekasirika. Nikamwambia Mama Mapendo yote: jiko zuri, mama mkwe mkaidi, kuku. Nilingoja acheke kama alivyocheka ile siku ya Lopur. Hakucheka.

"Ule moto wa zamani," akaniuliza, "ulikuwa unamufanyia kazi gani?"

"Kazi gani tena? Kupika."

"Ulimuuliza?"

Nikamsogezea maji ya kukandia udongo.

"Miye nilipofika huku," akasema, "watu wengi walinipa bintu bizuri. Hakuna mutu aliniuliza nilikuwa na nini mbele." Akaendelea kukanda udongo wake. Ni mara ya pekee nilimsikia akisema habari hiyo.

Niliporudi Lodwar nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaketi chini karibu na Akal, upande wa moshi.

"Mama," nikamwambia kwa Kiturkana, "ule moto wako wa ndani ulikuwa unakufanyia kazi gani?"

Alidhani namdhihaki. Nikangoja. Baadaye akaanza kunieleza, akinikunjia kidole kimoja kimoja kana kwamba mimi ndiye mtoto. Moshi ule ndio uliokausha vibuyu vyake vya maziwa. Bila moshi maziwa yanachacha vibaya na hayana ladha. Moshi ule ulifukuza mbu na ulizuia mchwa wasile makuti ya paa. Mwanga wa moto ule ndio taa yake ya jioni. Asubuhi miguu yake hukakamaa, na moto ule ndio unaoinyoosha. Jiko langu linaficha moto wote tumboni. Zaidi ya hapo nilikuwa nimelijenga kwa kimo changu mimi, na yeye hupika ameketi chini. Kila akitaka kukoroga lazima ainuke.

"Na yale mawe?" nikauliza.

"Baba yake Ekidor aliyaleta kutoka Lokori juu ya punda, nilipoolewa. Punda alilalamika njia nzima." Akatabasamu kidogo, nadhani kwa ajili ya punda. "Ungeniuliza, Atabo."

"Ndiyo, mama."

Siku hiyo hiyo nilikwenda laga. Maji ya mvua yalikuwa yamepita humo mara moja tangu niyatupe mawe, mchanga umehama wote. Nilichimba kwa mikono na karai, wapita njia wakaniuliza kama natafuta dhahabu. Nilipata jiwe moja. Nikampelekea. Aliligeuza, akalipangusa kwa shuka, akasema, "Hili ni la upande wa mlango." Mengine mawili sikuyapata, ingawa nilirudi siku nyingine na nyingine. Kosa hilo nalibeba mpaka leo.

Kisha tukajenga jiko tena, na safari hii fundi alikuwa yeye, mimi nilikuwa mikono yake. Ekidor alisimamisha paa dogo la makuti nje ya nyumba ya mama, upande usio na upepo, kuta zake wazi ili moshi usikae. Akal aliketi chini akaniambia, hapa. Tukapima kimo kwa goti lake. Mdomo wa kuni akautaka upande wa mkono wake wa kulia. Sufuria tuliyopimia ilikuwa yake mwenyewe, na nafasi ya kidole tulipima kwa kidole chake, chembamba kuliko changu. Alitaka mdomo uwe mpana ili aone moto. Hapo nilikataa, nikamweleza kwamba mdomo mpana unakula kuni na unaleta moshi. Akafikiri, akakubali, lakini akataka ukuta wa jiko uwe mnene zaidi upande mmoja, kama kiti kidogo. Sikuelewa mpaka tulipolitumia: ukuta ule ulishika joto, na asubuhi aliegemeza miguu yake hapo. Tangu siku hiyo, wazee wote niliowajengea nimewawekea ukuta huo. Haumo kitabuni. Wekeni.

Vibuyu aliendelea kuvifukiza, ila kwa kijiti chenye kaa anachokitia ndani ya kibuyu na kukitikisa, nje, dakika chache tu, badala ya kuwasha moto wa siku nzima kwa ajili hiyo. Wazo hilo lilikuwa lake. Mama yake alifanya hivyo. Mbu tuliwapatia chandarua, na jioni alipata taa ya sola aliyoiita mbalamwezi ya Ekidor. Lile jiwe la mlangoni aliliweka kando ya jiko, akalitumia kuwekea sufuria iliyoepuliwa.

Nilimfundisha kupasua kuni. Hapo tuligombana kidogo. Kwa Akal, kupasua kuni ambayo mti umekwisha kuitoa ilikuwa kazi ya mtu asiye na kazi. Nikachukua vipande viwili vikavu nikavigonganisha karibu na sikio lake, kisha viwili vibichi. Alivichukua akarudia mwenyewe, mara nyingi, akicheka. Baada ya hapo kila mwanamke aliyepita na mzigo wa kuni alisimamishwa mlangoni kwetu, akagongewa kuni masikioni. Mzigo mmoja tuliokuwa tukiumaliza kwa siku mbili ukaanza kufika siku ya nne, ya tano.

Sitawadanganya kuhusu kifua. Hakikupona. Moshi wa miaka mingi hautoki kwa jiko moja, na daktari yule yule alituambia hivyo tuliporudi kwake. Lakini kilitulia. Ilichukua miezi. Kwanza akaanza kulala akiwa amejinyoosha badala ya kuketi. Halafu njia ya kanisani akasimama mara mbili, halafu mara moja, na hiyo moja nadhani alisimama ili azungumze tu.

Na siku moja nilirudi kutoka Kakuma mchana, jua limesimama, begi begani, nikamkuta Ekidor amesimama nje ya lango la boma letu. Amesimama tu, mkono kwenye ubao wa lango, halisukumi. Nikafikiri kuna msiba. Nikataka kumuuliza, akaweka kidole kwenye midomo yake.

Ndani ya boma harufu ya maharagwe ilikuwa imeanza kutoka jikoni, na kulikuwa na mtu anaimba. Sauti ya mwanamke, ya chini, ya polepole, inapanda na kukaa juu kwa muda mrefu kabla ya kushuka. Alikuwa akimsifu fahali, rangi yake, pembe zake, na mahali alikonywea maji. Nikamnong'oneza Ekidor, "Tuna mgeni?"

"Ni mama," akasema.

Nilikuwa nimeolewa katika boma lile miaka kumi na minne. Sikuwahi kumsikia Akal akiimba hata mstari mmoja. Sikujua kwamba anaimba.

"Ni wimbo wa fahali wa baba," Ekidor akasema. "Mara ya mwisho kuusikia, kabla ya kikohozi, nilikuwa mdogo hivi." Akaonyesha kwa mkono, karibu na goti lake. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na moshi haukuwepo.

Nikashika lango niingie, akanizuia.

"Usiingie. Akituona atanyamaza."

Basi tukasimama pale nje juani, mimi na mume wangu, kama watu waliokuja kuomba maji, mpaka maharagwe yakaiva.